Kujitolea kwa kulipia: tulifumue hili suala la mavolantia

Juzi nilikaa barazani na ami yangu hapa Jambiani, Unguja, ikapita hiace imejaa vijana wa kizungu wamevaa fulana za rangi moja, kila mmoja na chupa yake ya maji, wanatupungia mikono kama tunaagana bandarini. Ami akauliza, "Hivi hawa wanalipwa shilingi ngapi kwa mwezi?" Nikamwambia hawalipwi, ami, hawa volantia. Akanyamaza kidogo. "Sasa wanakula nini?" Nikamwambia wao ndio wanaolipa, tena kwa dola, ili waje wafanye kazi. Ami ni mvuvi, kaingia baharini tokea hajabaleghe, aliniangalia kama namfanyia mchezo. "Mtu atoe pesa zake afanyishwe kazi? Mwanangu, hiyo si kazi, hiyo kitu chengine."

Na kweli ni kitu chengine, ila watu wengi hapa hawajui ni kitu gani, na hata wageni wenyewe wengi wao hawajui. Mie nyumbani kwetu tumekaa na mavolantia kiasi cha miaka sita, mama anawapikia, mie nawatafsiria, kwa hiyo naandika nilichokiona kwa macho na nilichokuja kukielewa baadae. Siwachukii, wengine mpaka leo tunatumiana voisi WhatsApp.

Tuanze na neno lenyewe maana mkanganyiko wote umeanzia hapo. Sie tunasema kujitolea, neno moja basi, lakini ndani yake wamejazana watu wasiofanana hata kidogo. Mzee ukimtajia kujitolea anakumbuka kazi za kujenga taifa wakati wa Mzee Karume, watu wanabeba mawe na mchanga bila ujira, na zile nyumba za Michenzani unazoziona zimenyooka kama treni zina jasho lao. Kijana wa leo ukimtajia anakumbuka mwalimu wa kujitolea, yaani mtu kamaliza chuo, digirii yake kaiweka kwenye faili la plastiki chini ya godoro, anasomesha skuli ya serikali mwaka wa pili, wa tatu, mshahara hana, nauli anapewa na kaka yake, anangojea ajira zitangazwe. Halafu kuna wahudumu wa afya wa jamii, wale wa mpango wa Jamii ni Afya, wako zaidi ya elfu mbili Unguja na Pemba, wanapita nyumba kwa nyumba na simu zao kuangalia watoto na wajawazito, nao pia tunawaita wa kujitolea, wana posho tu.

Ndio anakuja mgeni, na mgeni naye yuko wa aina mbili. Wa kwanza ni yule wa mashirika ya zamani, VSO ya Uingereza ilianza 1958, Peace Corps ya Marekani ikaanzishwa 1961 wakati wa Kennedy na Tanganyika ilikuwa katika nchi za mwanzo kabisa kupokea watu wake, Wajapani wakaanza na wao 1965. Mtu wa namna hii kwa kawaida anakaa mwaka, miaka miwili, anafundishwa lugha kabla, shirika lake linampa posho ya kujikimu, na anakuja kwa fani ambayo imeombwa. (Usiwachanganye na madaktari wa Kichina wa hospitali za Mnazi Mmoja hapa mjini Unguja na Abdalla Mzee kule Mkoani, Pemba, wale wanakuja kwa zamu kutoka jimbo la Jiangsu tokea 1964, lakini wale ni wafanyakazi waliotumwa na serikali yao, wapo kazini.) Wa pili ni huyu wa fulana. Ana miaka kumi na nane, ishirini, kamaliza skuli kwao na hajaingia chuo kikuu, kaona picha kwenye tovuti mtoto anacheka na bahari nyuma yake, kalipia wiki mbili au nne, kaja. Huyu wa pili ndie aliejaa mwambao wetu kuanzia Nungwi mpaka huku kwetu, na ndie ninaemzungumza humu.

Sasa pesa. Mgeni mmoja, msichana kutoka Ujerumani, tulimpa jina la Mwanaidi kwa sababu alifika kwetu usiku wa kuamkia Idi, siku moja alimuonesha mama risiti yake kwenye simu, wala hakuwa na nia mbaya, alitaka kujua tu kama sie tunapata haki yetu. Alilipa zaidi ya dola elfu mbili kwa wiki nne, tiketi ya ndege mbali. Mama alikuwa anapewa shilingi elfu kumi na tano kwa siku, chakula mara tatu na kulala. Piga hesabu mwenyewe. Mama hakusema kitu, alikuna nazi yake mpaka akamaliza, halafu ndio akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hizo nyingine zimekwama wapi?"

Zimekwama njiani, na si lazima ziwe zimeibiwa. Huu mnyororo una pete nyingi: kuna ajenti wa kule kwao anaetangaza onlaini, na matangazo yanakula pesa kuliko unavyodhani, ana ofisi, ana wafanyakazi wa kujibu simu za wazazi wenye wasiwasi, kuna bima, kuna ajenti wa hapa mwenye gari ya kumpokea kiwanja cha ndege na msimamizi wa kumshika mkono, kuna nyumba ya kulala, na mwisho kabisa kwenye mkia ndio kuna skuli au kikundi ambacho mgeni kaambiwa anakwenda kukisaidia. Mara nyengine kile kikundi hakipati hata senti, kinapata mgeni tu. Mie nadhani kosa kubwa halipo kwenye faida, mfanyabiashara lazima ale, kosa liko pale mgeni anapoaminishwa kwamba zile dola ni mchango, akifika anategemea kuona skuli imebadilika, na mwalimu mkuu nae anamuona mgeni kama katumwa na wenye pesa, basi kila mmoja anamuangalia mwenzake mkononi.

Kwa hiyo kile ambacho kimenunuliwa khasa ni safari na somo. Yule kijana kanunua nafasi ya kukaa na watu, kujifunza, kukua kidogo kabla hajaanza masomo, akaandike kwenye CV yake. Hakuna aibu katika hilo, Zanzibar nzima inaishi kwa utalii, na mtalii anaekula nyumbani kwa Bi fulani ana faida kuliko anaefungiwa hotelini kavishwa bangili ya plastiki. Ila tukishakubali kwamba ni utalii na ni masomo, hesabu inageuka: mwanafunzi ndie mgeni, mwalimu ni mwenyeji, na mwalimu hulipwa.

Hapo ndipo panaponiuma. Mimi nikihesabu saa, anaejitolea kwenye huu mpango ni mama yangu.

Nikupe mfano mmoja wa mwani. Kilimo cha mwani cha biashara huku Paje na Jambiani kilianza 1989, na wakulima wake wengi sana ni wanawake, mama ni mmoja wao. Kazi yenyewe inafuata bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanatoka mbali, unapata siku chache za kwenda shamba lako baharini, ukizikosa umekosa. Unapiga vigingi viwili, unavuta kamba, na kwenye ile kamba zimefungwa tai-tai, vile vikamba vidogo, kila tai-tai inafungiwa mche wa mwani. Lile fundo ndio elimu. Ukikaza sana mwani unakatika ukianza kunenepa, ukilegeza bahari inakuchukulia, na inahitaji ikae kiasi cha wiki sita. Basi wageni wakaletwa wanne "kuwawezesha wanawake wakulima wa mwani", ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi yao. Wakafunga tai-tai asubuhi nzima, wanacheka, wanapiga picha, jua limewababua migongo masikini, na mama na wenzake wamesimama nao kwenye maji wanawaonesha fundo kwa mara ya ishirini. Kesho yake mama alirudi peke yake akafungua kamba tatu nzima akafunga upya. Siku moja ya bamvua imekwenda hivyo, na bamvua halina wikiendi.

Nilimuuliza mbona hukuwaambia? "Niwaambie nini na wamekuja kwa moyo."

Na hiyo ni baharini. Nyumbani chumba chenye feni ndio chumba changu, mgeni akija mie nalala ukumbini. Huyu hali nyama, yule hali samaki, yule wa tatu anakula vyote lakini maziwa yanamuumiza tumbo, mama anapika vyungu viwili. Mgeni akiumwa mama halali. Akichelewa kurudi kutoka Paje usiku mama anakaa barazani na tochi. Kwenye programu yao haya yote yameandikwa kwa neno moja tu, "homstei".

Skulini nako kuna vituko. Kila kundi likija linapewa darasa la watoto wadogo, na kwa kuwa mgeni hajui waliotangulia wamesomesha nini, anaanza mwanzo: rangi kwa Kiingereza, viungo vya mwili, nyimbo ya kupiga makofi. Wiki tatu kaondoka. Anakuja mwengine, rangi. Mwengine tena, rangi. Mdogo wangu wa mwisho kasomeshwa rangi ya samawati na watu wa mataifa matano. Siku moja nilipita dirishani nikamuona mgeni anaonesha karatasi nyekundu, watoto wote wamekaa kimya, wanajikuna vichwa, mmoja anasema "yelo?" kwa sauti ya kuuliza, mgeni anatabasamu anaanza kuwaelekeza taratibu. Baadae nikamuuliza mdogo wangu, we hukujua ile ni redi? Akaniambia, "Tunajua, lakini tukimwambia mapema atakosa la kufanya." Wana miaka saba, wallahi.

Mwalimu mwenye darasa lake wakati huo yuko nje chini ya mwembe. Na yule mwalimu wa kujitolea wa kwetu, yule mwenye digirii kwenye faili, ndie anaambiwa awatafsirie. Hili la ajira watu wanalisema sana mtaani, kwamba wageni wanachukua kazi za vijana wetu, mie naona halijakaa hivyo kwa sababu skuli isingemuajiri huyo kijana hata kama mgeni asingekuja, pesa hakuna. Linalotokea ni jengine: mkubwa wa skuli akishazoea kupata mikono ya bure kila mwezi anapunguza kelele za kuomba walimu, na mikono yenyewe inaondoka Agosti ikiisha, kwa sababu hapo ndio likizo yao imekwisha, sie huku muhula unaendelea.

Jengine dogo lakini linakera, vipindi vya jioni. Mara ngapi nimeona wageni wamekaa kwenye darasa tupu saa tisa, wamepanga kalamu za rangi, wanauliza watoto wako wapi. Watoto wako chuoni, yakhe. Mtoto wa hapa akitoka skuli anakwenda madrasa, na chuo kinafungwa Alhamisi na Ijumaa, kila mtu kijijini anajua, ila aliyepanga ratiba alipanga akiwa mbali na wala hakuuliza mtu.

Sasa niingie kwenye jambo zito, nalo ni nyumba za kulelea mayatima. Hapa pia neno limetufanyia vituko. Sie tukisema yatima tunafuata dini, yatima ni mtoto aliefiwa na baba yake kabla hajabaleghe, basi, hata kama mama yake mzima na anauza maandazi mtaa wa pili. Mgeni akitafsiriwa anaelewa mtoto asie na mzazi hata mmoja, hana kwao, hana mtu. Kwa hiyo unaweza kumkuta mgeni analia kwa ajili ya mtoto ambae ana mama, ana bibi, ana khaloo watatu na shangazi Bububu, na jioni anakwenda kula kwao. Kwa desturi yetu mtoto akifiwa anachukuliwa na ukoo, mara nyengine ndugu wanagombania nani akae nae, na nyumba ya malezi ni ya yule aliekosa kabisa pa kushika. Nyumba hizo zipo, Mazizini kuna ya serikali, SOS nao wana kijiji chao hapa Unguja, na zinafanya kazi inayohitajika.

Tatizo linakuja pale yatima anapokuwa biashara. Katika nchi nyingi imeonekana kwamba watoto wengi walioko kwenye nyumba za mayatima wana mzazi hai angalau mmoja, na pale wageni wanapolipa kuja kuwakumbatia, mwenye nyumba anapata sababu ya kutafuta watoto zaidi wajaze vitanda, anakwenda kwa mama masikini anamwambia nipe mtoto nitamsomesha. Jambo lilifika mpaka Umoja wa Mataifa, Disemba 2019 Baraza Kuu likapitisha azimio la haki za mtoto ambalo ndani yake lilionya kuhusu volantia na utalii kwenye nyumba za mayatima. Na hata bila ya biashara, fikiria mtoto wa miaka mitatu, mgeni anambeba wiki tatu, anamzoea, anamwita mama, mgeni anaondoka, kesho kaja mwengine. Huyo mtoto anafiwa kila mwezi.

Kwetu ipo Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 na nyumba hizi zinatakiwa zisajiliwe na zikaguliwe. Kwa hiyo ukiwa unapokea wageni, au una rafiki yako Ulaya anakuuliza "nije nisaidie mayatima?", mwambie asije kwa hilo, tafuta jengine. Nakwambia moja kwa moja bila ya kuzunguka. Kama pesa anazo na moyo anao, yule mama muuza maandazi akisaidiwa ada na sare, mtoto analala kwao.

Hospitali sitaisemea sana, inatosha kusema mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu kwao haruhusiwi kumchoma mtu sindano bila ya mkubwa wake kusimama pembeni, na bahari haimpandishi cheo akiivuka. Hapa pia mganga wa kigeni anatakiwa asajiliwe na baraza la fani yake kabla hajagusa mgonjwa. Dada yangu alipokwenda kujifungua, si hospitali ya karibu na kwetu, waliingia vijana wanne wa kigeni kusimama mguuni pake, hapana aliemuuliza. Akaona haya kusema. Ule wodi haukuwa darasa, na kama ulikuwa darasa basi mwenye mwili alitakiwa aulizwe kwanza.

Kwenye karatasi ndiko watu wanakobabaika zaidi, wenyeji na wageni. Viza ya kawaida ya utalii ni dola 50 kwa wengi, Wamarekani 100, na viza hiyo hairuhusu kazi, na kisheria kujitolea pia kunahesabiwa kazi hata kama hulipwi chochote. Anaekuja kujitolea kwa muda mfupi anatakiwa aombe viza ya shughuli za muda, nayo ni dola 250, na anaekaa muda mrefu anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, ambacho ndani yake wamo volantia, watafiti na wanafunzi. Ajenti wengi wanamwambia mtoto wa watu "andika utalii tu, mambo yatakwenda", halafu siku Uhamiaji wakipita skulini anaekimbizwa ni yeye na anaehojiwa ni mwalimu mkuu, ajenti simu haipatikani. Juu ya hilo tokea tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni anaeingia Zanzibar anatakiwa akate bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama kaja na bima yake kutoka kwao. Na kuna sheha, yaani kiongozi wa serikali hapa mtaani. Mgeni anaelala nyumbani kwako mpeleke kwa sheha siku ya kwanza, usingoje watu wakakusemee.

Nimesema mengi ya kuumiza, sasa kuhusu utamaduni, maana hilo ndilo wengi wao wanasema wamelifuata. Wanapelekwa Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya wa jadi, Makunduchi, mwezi wa Julai, wanaona wanaume wa kusini na kaskazini wanachapana na mabua ya migomba, kibanda kinachomwa moto, wanawake wamevaa wamependeza wanaimba uwanjani, na ni jambo zuri, tena Makunduchi siku ile nyumba isiyo na mgeni inaona haina bahati, kwa hiyo wanakaribishwa kweli. Lakini utamaduni wetu mwingi hauna uwanja. Uko kwenye kuamkia kabla ya kuuliza swali, kwenye kuvua viatu, kwenye kula sinia moja na kutovuka upande wa mwenzako, kwenye kujua kwamba ukisikia msiba unakwenda hata kama humjui marehemu vizuri. Mgeni anaekaa wiki tatu anajifunza "jambo" na "hakuna matata", maneno ambayo sie wenyewe hatuambiani, mtu wa hapa atakwambia hamna tabu.

Tuna ule msemo wetu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wanaufanya kama mzaha wa kumfukuza mgeni, mie naona kumpa mtu jembe ni kumwambia umeshakuwa wa hapa, njoo tulime. Kwa mgeni wa kulipia jembe halitoki hata siku ya ishirini, tunaendelea kumpikia wali wa nazi na kumuwekea kiti, kwa sababu kalipa, na kwa sababu kumfundisha kulima ni kazi kuliko kulima mwenyewe. Nae masikini kaja akitamani lile jembe. Mwanaidi alilipata. Wiki zake nne zilipokwisha aliondoka kwenye mpango wa ajenti, akaenda Vuga kusoma Kiswahili pale TAKILUKI, taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni, ambako wageni wamesomeshwa tokea miaka ya sabini, akatengeneza karatasi zake, akarudi kwetu akakaa miezi tisa. Miezi minne ya mwanzo hakusaidia mtu yeyote kwa lolote, alikuwa anafua nguo zake na kujifunza kukuna nazi. Mwezi wa tano mama akamwachia kamba yake moja. Mwani wake haukukatika. Msiba wa bibi yangu alikaa chini na wanawake wenziwe, kajifunga kanga, hakutoa simu.

Na iko mifano mikubwa kuliko ya nyumbani kwetu. Kisiwa cha Chumbe, kilichotengwa kuwa hifadhi 1994, kilijengwa kwa msaada wa volantia wengi wenye fani zao, na wavuvi wa hapa walifundishwa wakawa walinzi wa matumbawe, kazi ikabaki mikononi mwao wageni walipoondoka. Mnazi Mmoja na hospitali ya Haukeland ya mji wa Bergen, Norway, waliwahi kuwa na mpango wa kubadilishana wafanyakazi, yaani wao wanakuja na wetu wanakwenda kule kwenye baridi, na chuo cha muziki cha DCMA mjini nacho kimebadilishana vijana na Norway. Mie hii ya kwenda na kurudi ndio naipenda zaidi, kwa sababu muuguzi wa Unguja akishasimama kwenye wodi ya watu hajui lugha, hajui choo kiko wapi, anatafuniwa kila kitu, akirudi anajua mgeni ni mzigo kiasi gani na anajua pia mzigo huo unabebeka.

Mwaka jana ajenti mpya alikuja kwa mama na fulana zake za zambarau, anatafuta nyumba. Mama akampa masharti: mgeni asiwe chini ya miezi mitatu, mwezi wa kwanza asome Kiswahili kabla ya kuletwa, pesa ya chakula na chumba ijadiliwe na mama mwenyewe na mgeni aijue ni ngapi, na akitaka kushika mwani alipe kama mwanafunzi anavyolipa fundi. Ajenti akaandika yote kwenye simu, akasema atarudi.

Hajarudi. Chumba cha feni kakodi mwalimu wa hesabu kutoka Wete, analipa kila mwisho wa mwezi na anakula nyama. Mie bado nalala ukumbini.